Jarida Lililokatwa Kingo

Kila Jumamosi asubuhi Maren Hudak aliosha vyombo, na mdogo wake Toby akavifuta. Mama yao, Denise, alirudi kutoka zamu yake katika jiko la hospitali, akavua viatu mlangoni na kuuliza kama wamekula. Ndivyo mambo yalivyokwenda nyumbani kwao Johnstown tangu kiwanda cha chuma kilipopunguza wafanyakazi na baba yao akaenda jimbo la Ohio kutafuta kazi. Asubuhi hiyo ya Oktoba, mwaka 1986, wote watatu walikuwa wamevaa makoti ndani ya nyumba. Tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa limeharibika, na fundi alitaka dola mia nne kulitengeneza.

Matumaini yao yote yalikuwa kwenye sanduku moja. Mjomba Gus, kaka yake Mama, alikuwa amefariki mwezi wa Aprili na kuwaachia majarida ya katuni aliyoyanunua utotoni kwa senti kumi kumi. Maren, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikwenda maktaba akafungua kitabu kinene cha bei za katuni za zamani. Toleo la kwanza la *Mzamiaji Mwekundu*, lililokuwamo sandukuni, lilikuwa na bei katika safu tatu: bei ya jarida lililochakaa, ya lililo zuri, na ya lililo kama jipya. Macho ya Maren yaliziruka safu mbili za kwanza. Ya tatu ilisema dola mia sita na hamsini.

"Leo tunalipeleka kwa Bi Pruitt," Mama alisema. "Nilisema lisiguswe. Hakuna aliyeligusa, sivyo?"

"Hakuna," Maren alijibu, huku akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Haikuwa kweli. Siku ya Alhamisi alikuwa amelitazama jarida lile akachukizwa. Kingo zilikuwa zimechanika na kugeuka rangi ya kahawia, na jaladani mtu alikuwa ameandika tarehe kwa penseli. Hivyo sivyo jarida la safu ya tatu linavyopaswa kuwa. Basi akachukua rula na mkasi, akakata kingo kwa uangalifu mpaka zikanyooka. Kisha akafuta ile tarehe kwa raba. Alipomaliza aliliona limependeza, akajisifu moyoni.

Bi Yolanda Pruitt alikuwa na duka la katuni karibu na kinyozi. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akalitoa jarida kwenye mfuko wake. Alizifunua kurasa moja baada ya nyingine akizihesabu.

"Watoto wa enzi zile walikuwa wanakata kuponi ya ukurasa wa nyuma ili watumiwe filimbi," alisema. "Hii ipo. Kurasa zote zipo. Pini za kushikia kurasa nazo ni zake zenyewe, zina kutu kidogo tu."

Mama alitabasamu. Bi Pruitt akachukua rula, akapima upana wa jalada, akapima tena. Kisha akaweka rula chini.

"Kingo zimekatwa, Denise. Tena juzijuzi. Karatasi yote imeiva rangi ya kahawia, lakini hapa ilipopita mkasi ni nyeupe kama mkate. Na jalada limesuguliwa, wino umetoka."

"Kwa hiyo?"

"Lingebaki lilivyokuwa, na michaniko yake, ningekupa mia tatu. Sasa ni arobaini, na sijui nitamuuzia nani."

Mama alimgeukia Toby. Mtoto huyo wa miaka minane alikuwa ameshinda wiki nzima akikata maboga ya karatasi kwa ajili ya darasa lake.

"Toby."

"Si mimi, Mama."

"Nani alikuwa na mkasi nyumbani wiki hii?"

"Mimi. Lakini si mimi."

Alimtazama dada yake. Maren akajifanya anasoma majina ya majarida rafuni. Mama akapokea zile dola arobaini, akaliacha jarida mezani.

Siku hiyo Toby aliambiwa hatakwenda na wenzake mwisho wa mwezi kupita nyumba kwa nyumba wakiwa wamevaa barakoa na kuomba peremende, kama ilivyo desturi ya watoto wa huko. Barakoa yake ikapandishwa juu ya kabati. Hakubisha tena. Alikaa ngazini na koti lake akilia, na Maren akipita, alisogeza miguu tu.

Maren alikasirika. Alikikasirikia kile kitabu cha bei, akamkasirikia Bi Pruitt na rula yake. Alimkasirikia hata Toby kwa kulia, kana kwamba kilio chake kilikuwa uchokozi. Jumatatu, masomo yalipokwisha, alikwenda dukani peke yake.

"Kitabu kinasema mia sita na hamsini," alisema kabla hata ya kusalimu.

"Habari za kwako pia," Bi Pruitt alijibu. Aliweka majarida mawili juu ya meza. Moja lilikuwa limepinda pembe na lina doa la chai. Jingine lilikuwa limenyooka na kung'aa. "Chagua lenye thamani."

Maren alionyesha lile linalong'aa.

"Hilo limepakwa rangi na kubadilishwa pini. Ni la dola tano. Lile chafu ni la themanini."

"Lakini ni baya."

"Ni baya, lakini ni lilelile lililotoka kiwandani. Mkusanyaji hanunui urembo, binti. Anauliza maswali matatu. Yamebaki mangapi? Wanaoyataka ni wangapi? Na hili limeguswa kiasi gani? Uzee peke yake si kitu. Nina magazeti yenye umri wa miaka themanini humu, hata panya hawayataki."

Alilivuta *Mzamiaji Mwekundu*, akachukua karatasi ndogo, akaandika: *Kingo zimekatwa. Jalada limesuguliwa.*

"Unaandika ya nini?" Maren aliuliza kwa uchungu. "Mtu asipopima hatajua."

"Mimi najua. Nikimuuzia mtu huku nimenyamaza, nimemwibia, hata kama hatagundua maisha yake yote."

Maren alisimama akiitazama ile karatasi. Kisha akatoka. Hakuaga.

Alimkuta Mama jikoni akimenya viazi. "Ni mimi niliyekata," alisema. "Nilitaka liwe kama jipya. Toby hakuligusa."

Kisu kikasimama. "Tangu Jumamosi unamtazama mdogo wako anaadhibiwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Nenda ukamwambie yeye kwanza. Kisha rudi tuongee."

Toby alisikiliza mpaka mwisho. "Mjinga wewe," alisema, akafunga mlango. Barakoa yake ilishushwa jioni ileile, lakini hakumsemesha dada yake kwa siku nne, na Maren aliona ni haki yake.

Adhabu ya Maren ilikuwa kulibeba sanduku zima hadi kwa Bi Pruitt na kumsaidia kila alasiri mpaka lote likaguliwe. Alihesabu kurasa, akatazama pini, akapima upana, akaandika kila ila aliyoiona. Kazi ilichosha. Jarida baada ya jarida, Bi Pruitt alisema, "Dola mbili," au, "Kama hili yapo maelfu." Siku ya nne Maren alitamani kulia.

Chini kabisa kulikuwa na toleo la tano la katuni ya ng'ombe na wachungaji. Halikuwa na umaarufu wowote. Maren alikuwa ameliona takataka, ndiyo maana hakujisumbua kulikata. Aliandika: *Mgongo umechanika, doa la maji, kurasa zote zipo.*

Bi Pruitt alilishika muda mrefu. "Kampuni hii ilifilisika mwezi lilipotoka," alisema. "Yaliyofika madukani yalikuwa machache mno. Kwa miaka ishirini nimeliona mara mbili tu. Lina mgongo mbovu, lakini mia mbili na themanini nitatoa."

Pamoja na mengine, fedha hizo zilibakiza kidogo tu kufikia mia nne, na Mama aliongeza zamu mbili kuzitimiza. Wiki ya pili ya Novemba fundi alikuja. Jioni hiyo walivua makoti kwa mara ya kwanza, na Toby akalala sakafuni karibu na tundu la hewa ya moto.

Mama alikaa kando ya Maren. "Kulikata lile jarida ulikosa subira, ukijua nimekataza," alisema. "Lakini ulitaka nyumba ipate joto, na ungesema palepale dukani, ningekusamehe kabla hatujafika mlangoni. Kilichoniuma ni zile siku ulizonyamaza. Kosa usipolikubali halipotei, mwanangu. Linamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni aliye mdogo kuliko wewe. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo."