Ngao ya Kobe

"Wewe chukua Kobe, mimi nachukua Mshale. Kama kawaida."

Sauti ya Barafu, fundi wa friji aliyemchumbia, ilimfikia mshonaji masikioni. Simu yake aliiegemeza kwenye cherehani. Wiki nzima hakupokea simu za mchumba wake. Mwaliko wa mchezo tu ndio aliukubali, maana humo ndimo walimofahamiana.

Kwenye kioo cha simu meli mbili za vita zilisubiri angani. Mshale ilikuwa na mbio na mizinga mikali, ila ngao yake nyepesi kama karatasi. Kobe ilikuwa nzito, lakini ngao yake iliweza kumfunika mwenzake. Ikifunika, yenyewe haipigi risasi, inapigwa tu.

Pembeni ya mkasi kulikuwa na bahasha yenye pete. Mchezo ukiisha, angemrudishia Barafu. Alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe kama aolewe naye, na jibu lilikuwa halijaja.

"Kama kawaida," alisema. "Wewe unakimbia, mimi napigwa."

"Jamani! Tunalinganisha meli tu. Mshale inawahi adui."

"Na inawahi kutoroka."

"Bado ni yale ya Jumapili?"

"Mama yako alisema mbele ya ndugu zako wote kwamba umeokota kilichotupwa. Wewe ukaendelea kutafuna chakula chako."

"Ningesema nini? Ni mama."

"Hata 'mama, basi' ingetosha."

Kengele ya mchezo ililia. Mshonaji akatoa macho. Barafu alikuwa ndani ya Kobe.

"Umefanya nini wewe?"

"Leo piga wewe. Mimi nafunika."

"Kufunika kwenye simu ni rahisi, baba. Huko angani hakuna mama mkwe."

Maadui walishuka kama nyuki. Kobe ikatandaza ngao. Mara mlango ukagonga ukuta upande wa Barafu.

"Bado unaongea na yule mtalaka? Wanawake wamekwisha duniani?"

Mkono wa mshonaji ukaenda kwenye bahasha. Kobe ikasimama, ikipigwa. *Atatafuna tena*, aliwaza. *Ee Mungu.*

"Mama." Barafu aliita. "Nakuheshimu. Lakini usimwite hivyo tena. Hakutupwa. Alitoka mwenyewe kwenye nyumba ya kipigo. Jumapili nilinyamaza kwa woga, na ninaona aibu. Huyu ndiye ninayemuoa."

"Unanipandishia sauti kwa ajili yake?"

"Sijapandisha, mama. Nimesema tu."

Kobe ikalipuka. Mshale ikafuata. Kioo kikaandika: MMESHINDWA.

"Anasikia?" mama aliuliza, sauti imeshuka.

"Tangu ulipofungua mlango."

Mama akakohoa. Kiti kikalia alipoketi.

Mshonaji aliichana bahasha, akarudisha pete kidoleni. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa.

"Barafu."

"Naam."

"Mwambie mama shikamoo. Na kesho mlete dukani kwangu nimpime. Gauni la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe sishoni kwa kukisia."