Kata ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Nina miaka sitini na tisa, mjane, naishi Ipuli. Sifichi kitu, na anayetaka kunicheka anicheke!

Kwa miaka mingi nilipika wanzuki, pombe ya asali. Kwetu mpishi huchota kwa kata ya kibuyu na kuonja kwanza mbele ya wageni, waone hakutia sumu. Kata ya kwanza ilikuwa yangu... Mume wangu alipofariki, nikawa naonja hata pasipo wageni. Asubuhi mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kufunga kanga. Siku moja nilianguka nikiwa nimembeba mjukuu. Mungu alimnusuru, lakini mwanangu hakunipa tena nimshike. Ningemlaumu vipi?

Nikaenda kliniki. Watu walisema tiba ya pombe ni ya vijana, bibi mzima anatafuta nini huko? Daktari hakucheka. Alinipa dawa, akanipangia siku za mazungumzo. Mdogo wangu Kalunde ndiye aliyenisindikiza kila mara. Miezi mitano sikugusa! Mwanangu akaniwekea mtoto mapajani, nikalia.

Kisha Kalunde akapika pombe ya harusi ya bintiye katika kijiji cha Ipole. Mbele ya wageni akaninyooshea kata, eti mimi ndiye niliyemfundisha, wageni wananiamini mimi.

"Dada, kidogo tu, usiniaibishe."

Yeye, aliyejua kila kitu! Nikaona haya... nikaonja. Nilirudi Ipuli baada ya wiki mbili, na njia siikumbuki.

Mtoto akaondolewa tena mapajani. Nikarudi kliniki kichwa chini, nikitegemea kufukuzwa. Daktari akasema wengi hurudia, tuanze upya.

Mwezi uliopita aliolewa binti wa pili wa mdogo wangu. Kalunde akanyoosha kata ileile! Safari hii niliipokea, nikasimama, nikaimwaga chini.

"Mimi ni mgonjwa, niko kwenye matibabu," niliwaambia wote. "Mpishi ni huyu hapa. Mnaoogopa sumu, mwambieni aonje mwenyewe!"

Kalunde akachota, akanywa. Tangu siku hiyo hajaniamkia. Asiniamkie!

Wazee wenzangu, msidanganywe kwamba umri wa kutibiwa umepita. Na ninyi mlio na wazazi kama mimi, msitushikishe kata kwa jina la heshima. Nawasihi! Ulevi wangu ulianza na heshima hiyo, hadi nikakaribia kumuua mtoto.

Mjukuu wangu amelala tena mapajani mwangu ninapoandika haya, na mkono wangu hautetemeki.