Makubadhi ya Pazi

Sikuyashuhudia haya, ila rafiki yangu Pazi si mwongo. Mwaka hamsini na tatu alikwenda kutazama magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya kale, peke yake, maana Mwaija, mkewe, aliyeitamani safari ile, alikuwa ameshafariki. Kila asubuhi Mwaija alikuwa akimgeuzia makubadhi yaelekee aendako, akimwambia, "Njia njema, mume wangu."

Kwenye kizingiti cha msikiti uliobomoka Pazi akavua makubadhi, akaingia. Wingu likatanda, ndani kukawa giza. Mara akasikia nje mchanga ukikwaruzwa, polepole, kisha kimya.

"Nani?"

Akatoka. Mchangani mlikuwa na nyayo zake tu. Makubadhi yalikuwa yamepangwa vizuri, yameelekezwa makaburini.