Sauti Iliyokataa Kuzama na Setilaiti

Majini ya visimani na ya magofu mmeshayasikia mpaka yamewachosha. Hili lilikuja kwa njia ya hewani, mchana kweupe, na asiyesadiki shauri yake.

Fundi cherehani mmoja, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alinunua redio ya mkononi ya kupokea na kurusha sauti, na rafiki yake kinyozi akanunua yake. Wote wanagenzi. Antena waliziunga wenyewe kwa vipande vya futi ya chuma. Setilaiti ndogo ikichomoza unaielekezea antena, unataja jina lako la hewani na namba ya mraba wako kwenye ramani, mtu wa mbali anakutajia vyake, mnaagana kwa kusema "sabini na tatu", unamwandika daftarini. Dakika kumi tu, imezama.

Kinyozi, mwenye mdomo kama mkasi wake, alikuwa ameshaandika watu arobaini. Fundi, hata mmoja. Alikuwa mzito wa ulimi. Mpaka amalize kujitaja, watano wameshampita.

"Wewe fundi, hata siku ya kiyama utaitwa, uitikie watu wameshatawanyika," kinyozi alimtania.

"Mi nataka mmoja tu. Mmoja wa kuniambia amenisikia."

Kinyozi akacheka. Fundi hakucheka. Tangu mazishi, nyumbani kwake kilichomjibu ni pedali ya cherehani peke yake.

Alasiri moja, akiwa uani na redio yake, sauti ikamwita. Ya kike, ya taratibu. Ikamngoja amalize jina lake herufi kwa herufi, bila kumkatiza.

"Nimekupata vizuri sana," ikasema. "Uko wapi?"

Furaha ikamfutia namba ya mraba kichwani. Akaeleza kama anayemwelekeza mgeni: mlango wa buluu nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha ndani, dirisha lisiloshika komeo.

"Nimepaona," sauti ikasema, ikanyamaza.

Ndipo akang'amua. Sauti za setilaiti huhama masafa, unazifukuza kwa kuzungusha kinobu cha redio tangu inapochomoza hadi inapozama; hii haikuhama hata unywele. Akatazama saa. Setilaiti ilikuwa imezama dakika saba zilizopita.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka udongo mbichi, na kila akirudi kutoka kazini akakuta kitambaa alichokiacha mezani kimeshonwa mshono mmoja mrefu usio na mwanzo wala mwisho, na pedali bado inapanda na kushuka polepole, kama mguu ulioondoka juu yake umejificha tu nyuma ya pazia kumngoja avue viatu.

Akamwita kinyozi. Redio ikaanza kupumua yenyewe. Wakazungusha antena kuitafuta pumzi hiyo: juu, hafifu, kwenye mti wa jirani, hafifu; walipoielekeza kwenye mlango wa jikoni, ikajaa mpaka spika ikatetemeka.

"Uliagana naye?" kinyozi alinong'ona.

"Hapana. Alinyamaza tu."

"Basi hamjamaliza. Mazungumzo yako wazi, ndiyo njia yake hiyo. Ingia, mwambie sabini na tatu, ataondoka. Mimi niko hapa nje. Humo siingii hata unipe nyumba yenyewe."

"Rafiki gani wewe?"

"Rafiki mwenye watoto. Nenda, ndugu yangu."

Fundi akaingia jikoni na redio yake. Harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi cha kutafunika. Akaketi mezani, kidole juu ya kitufe cha kusemea.

"Sa... sabi..."

"Usijikimbize," sauti ikasema. "Nina wakati."

Nje kinyozi alikuwa akimhimiza kwa sauti ndogo, "Sema, fundi, sema tu." Maneno matatu, na nyumba ingekuwa yake tena: safi, salama, kimya kuanzia jioni hiyo hadi mwisho wa umri wake.

"Umekula?" sauti ikamuuliza.

Miaka miwili hakuna aliyemuuliza hilo.

Fundi akakiachia kitufe. Akaigeuza redio, akachomoa betri, akailaza mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Bado," akasema.

Ng'ambo ya meza kiti kikavutwa, na ile sauti, karibu kabisa, ikamwambia, "Basi mwambie rafiki yako aende zake. Tufunge mlango."