Kimya cha Sekunde Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asenath alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja, na kupeleka simu ya mama yake kwenye duka la Jilo ikatiwe chaji. Alhamisi hiyo alizifanya zote mbio mbio, tena vibaya. Maji yalimwagika njiani, takataka zilibaki pembeni mwa uwanja, na simu aliifikisha dukani bila waya wake.

"We Asenath," Jilo alimwambia, "nitaichaji kwa mate?"

Asenath alicheka, akarudi nyumbani mbio kuuchukua waya.

Wiki hiyo hakuna mtu aliyetulia katika kijiji cha Wema. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walisimama katikati ya kazi wakaulizana ni siku ngapi zimebaki. Wakulima waliimba shambani, wakanyamaza, wakaimba tena. Jumamosi, saa nane mchana, filamu ya *Kiboko Mwenyekiti* ingeonyeshwa ukumbini Garsen.

Kabla ya kuwa filamu, *Kiboko Mwenyekiti* ulikuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na vichekesho. Mwalimu Komora aliutunga pamoja na wanafunzi wake. Katika mchezo huo, kiboko anaingia katika shamba la mpunga, na kila mwanakijiji anadai kwamba zamu ya kulinda haikuwa yake. Wanaunda kamati. Kamati inakaa kikao, kisha kikao kingine, na kiboko anaendelea kula. Mwishoni wanamchagua kiboko awe mwenyekiti, kwa kuwa ni yeye peke yake anayefika shambani kila siku.

Watu waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Ulipochezwa Tarasaa, waliufuata Tarasaa. Ulipochezwa Bura, wengine waliufuata hadi huko kwa pikipiki. Mama Everline, ambaye wengi walimwita Mama Asenath kwa jina la binti yake, aliutazama mara nne. Mashabiki walikuwa na kundi lao kwenye simu, na humo walisalimiana kwa maneno ya mchezo.

Kitu walichokipenda zaidi ya vyote kilikuwa kiitikio. Kiboko alikuwa akisimama katikati ya jukwaa, akishika tumbo na kuimba: "Nani kaula mpunga wetu?" Na watu wote, wazee kwa watoto, walikuwa wakijibu kwa kishindo: "Si mimi, si wewe, muulize mwenyekiti!" Hakuna aliyewafundisha kujibu. Huko Wema, mwimbaji akiuachia wimbo, wasikilizaji huudaka. Wimbo usioitikiwa ni kama salamu isiyojibiwa.

Kiboko huyo wa jukwaani alikuwa Asenath.

Wakati wa likizo, Hanan, msichana wa Kipini aliyesomea utengenezaji wa filamu, alikuja na kamera yake. Wiki hiyo hiyo Asenath alikuwa kitandani, anatetemeka kwa malaria. Kamera ilikuwa ya kuazima na isingeweza kungoja. Sehemu ya kiboko akapewa Darmi, rafiki yake wa Gredi ya Saba, binti wa mfugaji aitwaye Bonaya.

"Hongera," Asenath alimwambia Darmi baada ya kupona. Neno hilo lilitoka mdomoni tu. Moyoni lilikuwa limekwama.

Alhamisi jioni, baada ya shule, Asenath alipitia dukani kuchukua simu. Kundi la mashabiki lilikuwa linawaka. Hanan alikuwa ametuma kionjo cha filamu, kifupi sana. Asenath aliketi kwenye gunia la mahindi nje ya duka, akakifungua.

Darmi alionekana amesimama katika mpunga, kichwa cha kiboko kilichoshonwa kwa magunia kimemwelemea upande mmoja. Alishika tumbo. Akaimba kwa sauti nzuri, nzuri mno: "Nani kaula mpunga wetu?"

Kisha kimya. Upepo ulipita juu ya mpunga. Ndege mmoja alilia. Asenath alihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kionjo kikaisha.

"Wamekata kiitikio!" alisema kwa sauti. Alitaka kukasirika, na sasa alikuwa amepata sababu. Vidole vyake vilianza kuandika kabla hajafikiri: *Ndugu mashabiki, mimi nimeiona filamu yote. Wameiharibu. Wamekata kiitikio chetu. Msijisumbue kwenda Garsen.*

Kidole kilisita juu ya maneno "nimeiona filamu yote". Kisha akatuma. Ujumbe ulikwenda kwa simu ya mama, kwa jina la mama.

Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Halafu majibu yakaanza kumiminika.

"Mama Asenath ameiona? Basi imekwisha."

"Bila kiitikio ni sinema ya matanga!"

"Na mimi nilishashona gauni."

"Kiboko mwenyewe mwembamba hivyo, kwani alikula mpunga au alikula karatasi za kamati?"

"Tuende, lakini tukae kimya kama magunia. Wakitaka kuitikiwa, waitikiwe na kamera yao."

Katikati ya kelele hizo Hanan aliandika maneno mawili tu: "Njooni muone."

Asenath aliufuta ujumbe wake. Alikuwa ameshachelewa. Ulikuwa umetumwa Tarasaa, na kutoka Tarasaa ulikuwa umerudi Wema, umeongezewa picha za nyuso zinazolia.

Ijumaa shuleni hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Nuhu, mcheshi wa darasa, alijifunga sweta kichwani, akashika tumbo na kuimba, "Nani kaula mpunga wetu?" Kisha akasimama kama mti, macho ameyatoa. Darasa zima lilicheka.

"Hiyo ndiyo filamu yenyewe," Nuhu alisema. "Kiboko amesahau wimbo!"

"Sikusahau!" Darmi aliruka kutoka kwenye dawati. "Dada Hanan aliniambia nyamaza, hesabu mpaka sita. Hakuniambia kwa nini."

"Basi alikuwa anakuhesabia kura za mwenyekiti," mtu mwingine alidakia, na kicheko kikazidi.

Darmi alichukua begi lake, akatoka. Asenath alimfuata hadi mlangoni.

"Darmi, ngoja."

"Ningoje nini? Baba amesoma maneno hayo kwenye simu ya jirani. Amesema kesho tutakwenda kuona kwa macho yetu. Kama watu wameikataa filamu, basi niachane na mambo ya kuimba, nirudi kwa ndama." Alilivuta begi begani. "Mama yako ameionea wapi, Asenath? Hata mimi sijaiona."

Asenath alitazama viatu vyake. "Sijui," alisema.

Siku nzima hakuweza kukaa. Alikalia mguu wa kulia, akakalia wa kushoto. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu. Mwalimu Komora alimwita mbele, akamgusa paji la uso.

"Malaria imerudi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kuna jambo."

Asenath alirudi kwenye dawati lake. Mwalimu hakumlazimisha.

Nyumbani, mama alikuwa amerudi kutoka soko la Garsen, alikouza ndizi. Aliweka kikapu chini bila kukipangua.

"Leo nimeshukuriwa na watu nisiowajua," alisema taratibu. "Wananiambia, 'Mama Asenath, umetuokoa.' Nikawauliza, nimewaokoa na nini? Wakanionyesha." Alitoa simu, akaishika mkononi. "Tangu lini mimi nikaandika? Mimi hutuma sauti tu. Na ni nani mwingine hushika simu hii?"

Asenath alilia. Mama alingoja.

"Mimi ndiye niliyepaswa kuwa kiboko," Asenath alisema hatimaye. "Nilipomwona Darmi, niliona kama wameniondoa. Mama, sikuiona filamu. Nilikiona kionjo tu."

Mama Everline aliketi kwenye kigoda, akamvuta mtoto wake karibu. Sauti yake haikuwa kali, lakini haikuwa na mzaha.

"Kuumia kwako nimekuelewa. Malaria haikukuomba ruhusa. Lakini umelipeleka jina langu mahali ambapo mimi sijafika, na huko limemuumiza mtoto wa mwenzangu. Mimi ningeweza kutuma sauti sasa hivi nikakusafisha. Sitafanya hivyo. Kesho tutakwenda wote, nawe utalirudisha mwenyewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa, lakini haukuwa na furaha. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili kuwe na giza, na joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Mbele kulitundikwa shuka jeupe. Watu walikunja mikono. Nuhu aliweka kidole mdomoni na kuwakumbusha wenzake wakae kama magunia. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Bonaya na fimbo yake, na Darmi akiwa kando yake, ushungi ameuvuta mpaka kwenye macho.

Asenath alimwendea Hanan, aliyekuwa amepiga magoti akihangaika na nyaya za spika. "Dada Hanan, nataka kusema jambo."

"Filamu ikiisha, mdogo wangu. Jenereta hii ina hasira leo." Hanan alitabasamu, akarudi kwenye nyaya zake.

Filamu ikaanza. Walionekana wanakamati wakibishana juu ya kiti. Mzee mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akapigwa kiwiko na jirani yake. Kisha mpunga ukajaa kwenye shuka, kijani kibichi, na kichwa cha magunia kikachomoza katikati yake.

"Nani kaula mpunga wetu?" Darmi aliimba.

Kimya.

Moja. Asenath alimtazama Darmi wa kwenye shuka. Kiboko yule hakuwa amesahau wimbo. Alikuwa ameinua uso, anawatazama watu moja kwa moja. Mbili. Alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio.

Tatu. Mwili mzima wa Asenath ulishtuka. Kwenye simu, ile picha ndogo, hakuuona mkono huo. Kiitikio hakikukatwa. Walikuwa wameachiwa wao! Kiboko alikuwa anawangoja, kama wanavyongojwa siku zote.

Nne. Hakuna aliyejibu. Mlango wa nyuma ulilia, na mwanga wa jua ukaingia. Darmi alikuwa anatoka.

Asenath alisimama. Sauti ilitoka imepasuka kama ya jogoo mchanga: "Si mimi, si wewe, muulize mwenyekiti!"

Watu waligeuka. Baadhi walicheka. Hanan alisimamisha filamu.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Ni mimi, Asenath wa Mama Everline." Aliwageukia watu. "Ule ujumbe hakuuandika mama. Niliuandika mimi, na filamu sikuwa nimeiona. Nilimwonea Darmi wivu. Kiitikio hakikukatwa. Ni sisi tunaongojwa. Darmi ananyamaza ili sisi tujibu."

Mama Everline alisimama kando ya binti yake. Hanan alikuja mbele, akifuta jasho kwa mkono.

"Ni kweli," alisema. "Ningeweza kurekodi watu ishirini waitikie. Lakini kiitikio hiki ni chenu. Ningekiweka kwenye filamu, ningekuwa nimewanyamazisha ninyi. Mlipoandika kwenye kundi, nilitaka kueleza. Nikaona haya. Nikasema wataona wenyewe."

"Sasa si uirudishe nyuma, Hanan!" Jilo alipaza sauti. "Tumekaa kama magunia mpaka tumeota ukungu."

Hanan aliirudisha. Mpunga ukajaa tena kwenye shuka. Kiboko akashika tumbo. "Nani kaula mpunga wetu?"

"SI MIMI, SI WEWE, MUULIZE MWENYEKITI!"

Turubai moja lilianguka dirishani kwa kishindo hicho. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakasimama. Mara tisa kiboko aliuliza, na mara tisa Garsen ilijibu. Mara ya mwisho Asenath aligeuka, akamwona Darmi amerudi ndani, ushungi ameusogeza nyuma, naye anajiitikia mwenyewe.

Filamu ilipoisha, maneno hayakuisha. Bibi mmoja alisema kiboko wa jukwaani alikuwa mnene na wa kuchekesha zaidi. Nuhu alisema wimbo wa kamati umefupishwa. Mwingine alisema amelia, na hajui kwa nini alie kwenye kichekesho.

Mwalimu Komora aliwasikiliza, kisha akawaita Asenath na Nuhu na wanafunzi wengine waliokuwa karibu.

"Mnasikia? Bibi hakumpenda kiboko, na ana haki. Amekuja, ametazama, amesema. Hanan atalichukua neno lake, na huenda likamsaidia. Lakini neno la mtu ambaye hajaona halimsaidii yeyote. Linaumiza tu. Kabla hujasema kitu ni kibaya, kitazame kwanza. Halafu ujitazame na wewe: ni kitu hicho kibaya, au ni wewe unayeumwa? Asenath amelijibu swali hilo mbele ya watu wote. Wakubwa wengi hatuliwezi."

Nuhu aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilifanyia mzaha kitu ambacho nilikuwa sijakiona, Mwalimu. Nitamwambia Darmi."

Bonaya alikuja polepole, fimbo mkononi. Watu walimpisha.

"Mimi nilisema tuje tuone," alimwambia Hanan. "Sasa nimeona. Wiki ijayo mnaipeleka filamu Tarasaa, si ndiyo? Darmi aende nanyi; ndama watachungwa na kaka yake."

Nje, jua lilikuwa bado kali. Asenath alimkuta Darmi kwenye kivuli cha ukuta.

"Nisamehe," alisema.

"Bado nimekasirika," Darmi alijibu.

"Najua."

Darmi aliuchora mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha, bila kumtazama mwenzake, akaimba chini chini: "Nani kaula mpunga wetu?"

Akanyamaza, akangoja. Asenath hakumwacha afike sita.