Mshale wa Langoni

Jina la Kamusi hakuzaliwa nalo. Alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuna neno la Kiswahili ambalo mwalimu aliuliza maana yake asinyooshe kidole. Jina likamkaa, hata nyumbani wakamwita hivyo hivyo, na yeye alilipenda kuliko gauni lake la sikukuu.

Kila siku akitoka shule alinawa, akala, kisha akaketi kando ya cherehani ya mama yake kumtilia uzi kwenye sindano. Baba alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kukaa nao baada ya kupasuliwa hospitalini, na mji huu alikuwa haujui. Muuguzi alimwagiza atembee kila siku, lakini mahali pa tambarare, pasiwe na kupanda wala kushuka kwa nguvu.

"Nitembee wapi?" Bibi alilalamika. "Hapa mlangoni naona ukuta, nikigeuka naona ukuta mwingine. Mimi si mjusi."

Kwa bahati, halmashauri ya mji ilikuwa inatengeneza njia ya matembezi. Ilianzia sokoni, ikapita mitaa ya zamani yenye nyumba za kuta nene na milango mifupi, ikatokeza kwenye lango la mawe lililokwisha kupoteza mbao zake. Hapo langoni njia ziligawanyika. Ya kulia ilizunguka kilima taratibu hadi kwenye birika kavu la watu wa kale, njia ambayo mtu angeweza kuitembea huku akipiga soga. Ya kushoto ilianza vizuri vilevile, lakini mbele iliteremka ghafla kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani.

Kazi ya kuchora mishale ya kuwaongoza watembeaji alipewa jirani yao, mzee mchora vibao ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Rangi. Alikuwa mtu wa sala na wa maneno ya zamani. Jumamosi moja alimwomba mama yake Kamusi ampe binti amsaidie, kwa kuwa magoti yalikuwa yanamsumbua.

Walichora pamoja mitaa yote. Walipomaliza mtaa wa mwisho, Babu Rangi aliketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, akapumua kwa nguvu.

"Umebaki mmoja tu, wa langoni. Nenda nao wewe, mjukuu wangu, una mkono mzuri. Mshale uelekee mkono wa kuume. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Kusikia alikuwa amesikia. Kuelewa ndiko hakukuwepo. Kuume! Neno hilo aliwahi kulisikia kwenye ibada, likampita sikio moja likatokea la pili. Alitaka kuuliza, ulimi ukawa mzito. Kamusi mzima aulize maana ya neno? Babu si atacheka! Akabeba kopo na brashi, akaenda.

Langoni alisimama akiangalia njia hii na njia ile. Akajisemea, "Kuume, kuume... kuuma." Akautazama mkono wake wa kushoto. Mwezi uliopita pasi ya mama ilimchoma kiganjani, na bado paliuma akishika kitu. "Basi ndiyo huo," akasema. "Mkono wa kuuma ni ule dhaifu, ule wa kushoto." Maelezo yalimpendeza, kwa sababu aliyatunga mwenyewe. Akachora mshale wa manjano, mnene, ukielekea kushoto.

Aliporudi, Babu Rangi aliuliza, "Umeuelekeza kuume?"

"Ndiyo, Babu."

"Mungu akubariki."

Jumatatu asubuhi, kipindi cha dini, mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti. Alipofika kwenye maneno "mkono wa kuume", dawati la jirani na Kamusi lilipiga kelele. Hapo aliketi msichana waliyemwita Redio, ambaye hakujua kunyamaza.

"Mwalimu, kuume ndiyo nini?"

"Ni kulia, mwanangu. Mkono wa kuume ni mkono wa kulia."

"Ahaa," akasema Redio, na mwalimu akaendelea kusoma. Hakuna aliyecheka. Hata kugeuka hakuna aliyegeuka.

Kamusi aliukumbuka mshale wake wa manjano, ukielekea kushoto. Tangu hapo hakusikia tena somo. Angeweza kumwambia mwalimu. Angeweza, wakati wa mapumziko, kukimbia kwa Babu Rangi, maana nyumba yake ilikuwa nyuma ya shule. Badala yake alijiambia, "Nikitoka nitakwenda na rangi, nitaugeuza, na hakuna atakayejua."

Mchana mawingu yakafunga. Kengele ya kutoka ilipolia, mvua nayo ikaanza. Kamusi alikimbilia nyumbani kuchukua kopo na brashi alivyobaki navyo tangu Jumamosi, akamkuta mama anashona peke yake.

"Bibi yuko wapi?"

"Kaenda kwenye hiyo njia yenu mpya. Nimemwambia subiri, mvua hii inakuja, akasema kama amengoja miezi hatangoja mvua." Mama akacheka kidogo. "Unajua kasema nini? Eti mishale amechora mjukuu wangu, nitapoteaje?"

Kamusi alisimama na viatu vyake vya matope katikati ya chumba.

"Kachukua simu?"

"Ile pale kwenye chaji. Kwani vipi? Mbona umebadilika rangi?"

"Hakuna kitu, Mama."

Aliketi kwenye kigoda chake. Akajaribu kutia uzi kwenye sindano, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Kila mlango ulipogonga kwa upepo alinyanyua kichwa. Aliomba kimoyomoyo: Mungu wangu, mrudishe sasa hivi, kabla sijalazimika kusema. Mvua ikazidi. Mama akaanza kuchungulia dirishani mara kwa mara, mwishowe akaacha kazi, akajitanda kanga, akamwita jirani seremala. Wakatoka wawili.

"Baki hapa," mama alimwambia. "Bibi akija, umpe nguo kavu."

Kamusi alitoa nguo kavu, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Babu Rangi aliingia akichechemea, akaketi akitazama mvua. Kulikuwa na sauti ya bati tu.  Kamusi alijua kitu ambacho kingeweza kuwasaidia watu wote wale, na hakukisema.

Mama alirudi amelowa chapachapa, midomo inatetemeka.

"Tumepita langoni mbio bila hata kutazama mshale, tumekwenda hadi kwenye birika, tumerudi. Tumeita mpaka sauti zimekauka. Hayupo."

"Haiwezekani," Babu Rangi alisema. "Njia yenye mshale ni moja tu baada ya lango, ya birika."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika. "Labda kaingia nyumba ya mtu kujikinga. Twende tugonge milango ya mji wa zamani, mmoja mmoja."

Kamusi alimwona mama anafunga tena kanga, tayari kwenda kugonga milango ambayo nyuma yake Bibi hakuwepo.

"Mama, si huko."

"Nini?"

"Mshale wa langoni. Nimeuchora kushoto." Machozi yakamwagika yote kwa pamoja. "Babu alisema kuume, mimi sikujua kuume ni nini, sikuuliza. Bibi ameteremka machimboni."

Mama hakumpiga, hakumkemea. Alimtazama tu, na Kamusi angeona afadhali kofi. "Tangu lini umejua?"

"Tangu asubuhi. Shuleni."

Seremala alikuwa amekwisha kuondoka mbio, mama nyuma yake. Kamusi akatupa nguo ili awafuate, Babu Rangi akamshika mkono.

"Utateleza, wakutafute na wewe. Kaa."

Hakuna kazi ngumu kama kukaa. Nje palikuwa panafifia. Kamusi alisimama dirishani, paji la uso kwenye kioo, akikadiria: sasa wamefika sokoni, sasa wamefika langoni. Kisha akili ikakataa kwenda mbele zaidi, kwenye yale mawe yaliyolowa.

"Babu, atakuwa mzima?"

"Sijui, mwanangu."

Alitamani aambiwe ndiyo. Lakini Babu Rangi hakuwa mtu wa kusema asichokijua. Baada ya kitambo alisema taratibu, "Na mimi nina langu. Nilikuuliza kama umesikia, sikukuuliza kama umeelewa. Wala sikwenda kuutazama." Wakaendelea kungoja, mzee na mtoto, hakuna aliyeweza kufanya lolote ila kuomba.

Walimleta kwa machela iliyotengenezwa kwa ubao wa seremala. Bibi alikuwa hai, anatetemeka, mguu umevimba mkubwa kama mto wa kulalia. Alikuwa ameteleza penye mteremko, akajikokota hadi chini ya jiwe lililochomoza, akaketi humo akiita watu waliokuwa upande wa pili wa kilima.

Siku ya tatu Bibi alirudishwa kutoka hospitali na plasta nyeupe mguuni. Kamusi alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Bibi. Kwa mshale."

"Mshale?" Bibi alijiegemeza. "Mshale nilikusamehe nikiwa bado kule chini. Nilijisemea, mtoto kakosea, basi. Kinachoniuma ni kingine. Mama yako kaniambia ulijua tangu asubuhi. Mimi nilikuwa bado nyumbani wakati huo, nakunywa chai."

Kamusi aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kutojua neno hakukuvunji mguu, wala hakukuvunjii heshima. Mimi na mvi hizi, jana daktari ananitajia ugonjwa, nikamwuliza maana yake mara mbili, na mara ya tatu. Ukiona hujui, uliza hapohapo, kabla mkono haujafanya kazi. Na ukiona umekosea, sema hapohapo, hata kama watu watakucheka. Ukikaa na kosa kifuani, unajiona unalificha, kumbe kule nje linaendelea kufanya kazi bila wewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Au umesikia tu?"

"Nimeelewa."

Muuguzi alisema matembezi ya Bibi yatangoja sana, na huenda mguu usirudi kama zamani. Hilo Kamusi hakuwa na la kulifanya. La mshale alikuwa nalo. Jioni ile, jua bado halijazama, alikwenda na Babu Rangi langoni, watu wakipita na kuwatazama. Rangi ya manjano ilikuwa imeshika jiwe, haikutoka kwa kitambaa wala kwa mafuta.

"Hii mpaka tuibandue," Babu Rangi alisema, akifunua mfuko wake wa vifaa. "Haya, nipe tindo."

Kamusi alitazama mfukoni. Kulikuwa na vyuma vya kila namna. Nyuma yao wasichana wawili wa shule walikuwa wamesimama, mmoja wao Redio.

"Babu," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "tindo ndiyo nini?"