Sijambo ya Mlangoni

Mwaka ule wa 1984, kila alfajiri ya msimu wa asali, Koleta alifuatana na baba yake, Mzee Mayala, kukagua mizinga katika pori la Ipole. Walishika njia ya kale, iliyokanyagwa na wapagazi wa misafara hadi ikawa kama mfereji kati ya miti ya miyombo. Ukungu ulitangulia mbele yao, na Koleta aliona kana kwamba wapagazi wangali wamo humo, mizigo kichwani.

Lakini kila baada ya mwendo mfupi alichuchumaa. Kifua kilimbana, midomo ikageuka rangi ya zambarau.

"Unaokota nini tena?" aliuliza baba.

"Uyoga, baba."

Mikono yake ilikuwa mitupu. Aliijua kauli ya baba: asiye na pumzi habebi asali. Akikiri, atabaki nyumbani.

Hata kwenye shamba la ujamaa la shule alichuchumaa, na Masele, mwanafunzi mwenzake, akacheka, "Kuku kaatamia tena. Leo tutakula mayai."

Baba alipoiona ile midomo, alimpeleka hospitali mjini Tabora.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Unachoka ukitembea?"

"Hapana."

Daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu. "Moyo huu unavuma kama upepo kwenye mwanya wa mlango. Alizaliwa na mlango wa moyo uliobana. Wapo watoto wanaopelekwa nje ya nchi kutibiwa, ila hutangulia walioelemewa. Huyu hachoki, basi arudi mwakani."

Mwaka mzima wa kuokota uyoga usiokuwapo. Koleta akainamisha kichwa.

"Nachoka," alisema. "Hata kisimani sifiki bila kuchuchumaa. Hapakuwa na uyoga, baba."

Mzee Mayala aligeuzia uso dirishani.

Miezi michache baadaye, Koleta alilala katika hospitali ya mbali, nje ya nchi, dawa ya usingizi ikimbembeleza. Hawakumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba, wenye puto dogo nchani, katika mshipa wa paja, ukapanda taratibu hadi moyoni. Ndotoni alimwona mpagazi mmoja katika njia nyekundu. Alifika penye mlango mwembamba, akatua mzigo wake. Mzigo ukavimba kama puto, mlango ukapanuka, na msafara uliokuwa ukingoja ukapita ukiimba.

Msimu uliofuata, Koleta alifika kwenye mzinga wa mwisho akiwa wima.

"Mwanangu," alisema baba, "sijambo ni ya mlangoni. Ukishaingia ndani, sema linalokuuma, maana ugonjwa uliofichwa hauna tabibu. Nami nilikosa; nilikutia hofu ya kusema."

Kisha akamtwika kibuyu cha asali.